Pete Isiyotaka Haraka

Palikuwa na mkemia mmoja aliyezaliwa na haraka zake. Chai aliinywa ikimchoma, na viatu alimalizia kuvaa akiwa nje ya mlango. Kazi yake ilikuwa kutengeneza chumvi. Si ya kutia kwenye mboga, la! Kila chembe yake ni pete kubwa yenye naitrojeni, na alitumaini itaua vijidudu vya vidonda. Lakini mara mbili aliambulia uji wa kunata.

“Malighafi imebaki kijiko kimoja,” mkuu wa maabara akamwambia. “Ukiharibu na hiki, mradi naufunga.”

Siku hiyo mkemia akaanza kudondosha dawa, tone moja moja. Wifi yake, mtunza vijidudu wa maabara hiyo hiyo, akamkodolea macho.

“Wifi, unaumwa? Wewe wa kudondosha?”

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nyoka wangu akiwa kundini huuma mikia ya wenzake. Akiwa peke yake hujiuma wa kwake.”

“Nimeshindwa, chukua mji.”

“Ni hizi chembe za dawa yangu, ndefu kama nyuzi. Nilizimwaga zote kwa pamoja, zikashikana zikawa uji. Nikizidondosha polepole kwenye kiyeyushi kingi, kila moja hujifunga yenyewe ikawa pete.”

“Na kaka yangu anasubiri chakula!”

“Ana mikono, apike.”

Vidole vilimwasha kumwaga, akajizuia. Pete zilipojifunga akazigeuza chumvi, ukatoka unga mweupe pe. Wifi akalowesha kijikaratasi kwa chumvi hiyo na kingine kwa maji matupu, akavilaza kwenye kisahani kilichopakwa vijidudu, akakifungia kwenye kabati la joto.

Asubuhi mkemia akaligeuzia kabati mgongo. “Niangalizie, wifi.”

Mlango ukafunguka. Wifi akainamia kisahani.

“Sema basi!”

“Kitendawili!”

“Nitakunyonga, wifi!”

“Sema tega.”

“Haya, tega!”

“Shamba langu limeota kote, ila kuizunguka nyumba moja hakuna hata jani.”

Mkemia akageuka. Kwenye kijikaratasi cha maji vijidudu vimeota hadi ukingoni mwake. Kuzunguka cha kwake, duara safi, kama limefagiliwa! Vigelegele vikamleta mkuu mbio.

“Kuna nini?”

Mkemia akamvutia kiti. “Haraka ya nini, mkuu? Kaa kwanza. Kitendawili!”

Mkuu akatupia kisahani jicho, akacheka. “Tega,” akasema. “Kisha kaagize malighafi nyingine.”