Picha ya Baba Nyuma ya Tangazo la Sabuni

Fundi wa skrini za stendi ya mabasi alimketisha baba yake kwenye benchi la lango la pili, akamshikisha chupa ya maji.

"Baba, nakuja sasa hivi. Usiondoke hapa."

"Niende wapi mimi?" mzee akacheka.

Walikuwa wanatoka kliniki. Kumbukumbu za mzee zilikuwa zimeanza kumtoka. Asubuhi ile alikuwa amevaa shati juu ya koti. Lakini meneja alikuwa amepiga simu mara nne: skrini zote kumi na mbili zimegoma, zinaonyesha tangazo moja tu la sabuni, na abiria hawaoni ratiba.

Fundi alihangaika na kompyuta dakika ishirini, wapi. Aliporudi, chupa ilikuwa chini ya benchi. Mzee hayupo.

Alikimbia vyooni, akazunguka malango yote ya mabasi akiita, "Baba! Baba!" Wazee watatu waligeuka, na hakuna aliyekuwa wake. Dada yake akapiga simu.

"Mmefika wapi?"

"Dada, baba simwoni."

"Humwoni vipi? Ulimwacha peke yake? Wewe una akili kweli?"

Akakata simu. Akarudi mbio chumba cha mitambo, akaingiza picha ya mzee kwenye programu ya taarifa, na chini yake akaandika namba yake. Programu ikamjibu kwamba picha iko tayari. Akachungulia dirishani. Kwenye skrini zote, mwanamke wa sabuni bado alikuwa anatabasamu.

Kompyuta ile ilikuwa na programu tatu: ya ratiba, ya taarifa na ya matangazo ya biashara. Kila moja iliweza kuchora picha zake muda wowote, ila iliyoshika usukani wa skrini ndiyo pekee iliyoonekana. Zilipaswa kupokezana: hii ikimaliza inaachia, nyingine inashika. Sasa ile ya biashara ilikuwa imeganda na usukani mkononi. Nyingine zingesubiri mpaka iachie yenyewe, au izimwe.

Akaizima. Skrini zikawa nyeusi, kisha sabuni ikarudi. Akaizima tena. Sabuni. Mara ya tatu ndipo akagundua: kulikuwa na programu nyingine ndogo ya ulinzi, iliyowekwa na wenye matangazo. Kila tangazo likizimika, ililiamsha upya, nalo likawahi usukani kabla ya programu nyingine.

"Hiyo ya ulinzi usiiguse," meneja alisema kutoka mlangoni. "Ngoja nimtafute mtu wao kwenye simu."

"Bosi, baba yangu hajui hata anakaa wapi."

"Nakuelewa. Subiri kidogo tu."

"Sisubiri!"

Akakosea nywila mara mbili. Akazima ulinzi kwanza, halafu matangazo. Giza kwenye skrini zote. Abiria wakaanza kupiga kelele. Akaiamuru programu ya taarifa ishike. Kimya. Akaamuru tena.

"Shika basi! Nakuomba, shika!" Alikuwa analia sasa, na meneja hakujua aangalie wapi.

Ndipo mzee akatokea kwenye skrini kumi na mbili, kofia ya sufu ikiwa upande.

Dakika tano hazikupita, mama mmoja mfagiaji akagonga kioo. "Mwanangu, huyo mzee nimemwona. Kapanda basi la lango la sita. Limeshaondoka, sasa ni nusu saa."

Meneja mwenyewe ndiye aliyempata kondakta kwenye simu. Ndiyo, kuna mzee kiti cha nyuma, hana tiketi, hajui anakoshukia. Watamshusha kituo cha mafuta.

Fundi alifika hapo kwa pikipiki ya kukodi, akamkuta amesimama kando ya pampu. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Watu walimpita kwa mbali.

"Baba."

Mzee alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Samahani, kijana. Namtafuta mwanangu. Ni fundi."

Akavua koti lake la kazi, akamfunga mzee kiunoni kulificha lile doa, akampigia dada yake.

"Nimempata," alisema. Akabaki ameshika simu sikioni, na mkono mwingine umeshika mkanda wa baba yake, kwa nguvu.