Mwantumu Kasema

Mwantumu alikuwa anachambua mchele mlangoni kwake, Ngombezi, kwenye kota za wafanyakazi wa mkonge, alipobisha hodi mwanamke mwenye sura yake. Kanga ile ile, pengo lile lile.

"Karibu. Umetokea wapi?"

Mwanamke akaonyesha kwa jirani, Zamda. Alikuwa na sentensi moja tu, akaitoa: "Yusra akapumzike kwao."

Na kweli Mwantumu alisema kitu cha namna hiyo pale bombani. Mkwewe Yusra alikuwa ametoka kujifungua, anakinga maji huku anasinzia, Mwantumu akawaambia wanawake: "Yusra akapumzike kwao Handeni. Mtoto akikaza shingo nawafuata mwenyewe, siwezi kukaa bila wao." Zamda alikuwa na ndoo kichwani, akabeba maneno aliyoweza.

Mwantumu akamsogezea mgeni kigoda, wakachambua wote.

Kesho yake akaja wa pili, kutoka mashine ya kusaga, kwa Grasiana. Huyu alikuwa amenenepa kidogo, na hereni kavaa. "Yusra akae kwao." Wa tatu alitokea stendi ya Korogwe, ana sauti ya mnadani: "Akae huko huko kwao na mtoto wake!" Majirani walijaa kuwaona. Walikubaliana kwamba wa tatu ndiye mchangamfu, wakauliza kama vikombe vinatosha. Zamda alileta maandazi.

"Jamani Zamda, si ungesema na ile sentensi ya mwisho?"

"Ilikuwa ndefu, shoga. Nani angenisikiliza mpaka huko?"

Sabiri, mwanawe Mwantumu, alikwenda Handeni kumchukua mkewe na mtoto, akarudi peke yake. Wakwe walimwambia mama yako kashasema. Basi Mwantumu akafunga safari mwenyewe, na wale watatu nyuma. Kondakta aliwapanga siti moja, akasema pacha wanapendeza.

Mzee Awadhi, baba yake Yusra, aliwakaribisha mkekani akawasikiliza mmoja mmoja. Mwantumu alisema maneno yake yote, mpaka sentensi ya mwisho.

"Mama Sabiri," mzee alisema kwa upole, "wenzako wako watatu. Halafu hata hawababaiki."

Yusra akatoka ndani na mtoto. Akawapita wale watatu, akampa Mwantumu mtoto ampakate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Mwantumu akamgusa mtoto shingo. Ilikuwa imekaza. Kila mtu aliona Yusra alivyochagua, na mzee Awadhi aliona.

"Najua ndiye wewe," akasema. "Lakini nimeshawaambia watu. Msikitini wanajua, sokoni wanajua, kwamba mwanangu kafukuzwa. Leo nikimrudisha, nitawatazamaje?"

Hapo wa nne akatoka jikoni anafuta mikono. Alikuwa mkubwa kuliko wote, anang'aa mafuta, na amekaa nyumba hiyo tangu mzee alipoanza kuwasimulia watu. "Simtaki yeye wala kitoto chake," akasema, akakaa mkekani.

"Huyo ni wangu," mzee Awadhi alisema, macho chini.

Mwantumu alimpakata mjukuu wake mpaka wakati wa basi la mwisho, kisha akamrudisha kwa mama yake. Yusra akamsindikiza barabarani.

"Mama, niambie tena ulivyosema."

Akamwambia. Yusra akarudia neno kwa neno mpaka mwisho. Hakutokea Mwantumu mwingine. Mwantumu akapanda basi peke yake, kwa kuwa mzee aliwazuia wale wengine wawe mashahidi.

Magharibi mtoto alilia sana. Wanne wale wakapokezana kumbeba, na walijua kubeba, maana mikono ilikuwa ya bibi yake. Aliyemweza ni yule wa nne. Alimfunga mgongoni, akazunguka naye uani polepole huku anampigapiga, na kwa kuwa hakuwa na maneno mengine, akambembeleza na hayo hayo, kwa sauti ya Mwantumu yenyewe: "Simtaki yeye wala kitoto chake, simtaki yeye wala kitoto chake," mpaka akalala.