Kinyozi na Herufi P

Kinyozi huyu alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito. Akishika mashine, hakuna wa kumfikia. Akifungua mdomo, shughuli. Herufi nyingine alipatana nazo kwa shida, lakini P ilikuwa adui yake. Ikifika P midomo inagandana, macho yanajifumba, mishipa ya shingo inasimama, na wateja kwa adabu wanaanza kukagua dari.

Sasa mtu kama huyo, riziki yake inategemea kuuliza watu kutwa nzima, "Tupunguze?"

Kwa miaka kumi na miwili alilikwepa neno hilo. Alisema "tufupishe", alisema "tuweke sawa", au alionyesha kwa vidole. Kwa jinsi alivyokuwa msemaji haba, wateja walimpachika jina la Hakimu, wakidhani anatafakari. Nyumbani mkewe alimmalizia kila sentensi, kwa mapenzi tele na mara nyingi kwa makosa. Hakimu akianza mezani, "Naomba chu-chu-", mke anadaka, "Chumvi!" na kumsogezea. Kumbe mwenzake anataka chungwa. Lakini kusahihisha kungehitaji sentensi nyingine nzima, basi ananyunyiza chumvi na kula.

Mchana mmoja aliingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja mgeni. "Fundi, nitengeneze vizuri, kesho tunapigwa picha ya shule," akasema, kisha akazama kwenye gazeti.

"Tu-tu-tup-" Hakimu akakwama. Akatafuta neno la kukwepea, na siku hiyo yote yalikuwa yamekimbia. Lililobaki karibu lilikuwa moja tu. "Tutoe?"

"Toa," akajibu mwalimu kutoka ukurasa wa michezo.

Akatoa.

Mwalimu aliposhusha gazeti, akaona kwenye kioo mtu asiyemfahamu, kichwa kinang'aa kama bakuli. Akageuka kuangalia ni nani amesimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Fundi, nywele zangu ziko wapi?"

"Ni-nilitaka ku-kusema tu-tup-"

"Tupake!" akadakia mteja mmoja kwenye benchi.

"Tupige pasi!" akasema wa pili, kama wako kwenye chemsha bongo.

Mwalimu akainua mkono kama aliye darasani. "Mwacheni amalize."

Wakanyamaza. Hakimu hakuwahi kusubiriwa namna ile, na kwa kuwa hakuzoea, machozi yalimlengalenga kabla neno halijatoka. Ilichukua muda.

"...punguze."

Mwalimu akapapasa upara wake. "Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ndizo hizo unazozikanyaga." Hakimu akaruka pembeni. Mwalimu akacheka mpaka kiti kikayumba. "Pale hospitali kuna mtaalamu wa usemi, amewasaidia wanafunzi wangu wawili. Nenda kamwone, fundi, kabla hujamaliza mji mzima."

Jumatatu akaenda, mkewe ubavuni. Mtaalamu alikuwa dada kijana mwenye raba nyekundu.

"Karibu, baba. Kigugumizi kilianza lini?"

"Tangu utotoni," akajibu mke.

"Kinakusumbua wapi zaidi?"

"Kazini," akajibu mke.

"Na mama anakusaidiaje?"

"Namsaidia sana," akajibu mke, naye akaombwa kusubiri nje.

"Baba, sitakuahidi kwamba kitaisha," dada akasema walipobaki wawili. "Lakini tunaweza kukipunguzia kazi." Akamfundisha kuigusisha midomo polepole kwenye P badala ya kuibana, kurefusha sauti ya kwanza, na kutua kati ya maneno. Kubwa zaidi, akamwambia aache kukwepa. "Neno unalolikimbia linanenepa. Na watu waambie mapema una kigugumizi. Siri ndiyo inayochosha." Kisha akamsogezea simu. "Piga duka lolote, uulize kama wana pampu."

Hakimu alitokwa na jasho la kufua shati. Akapiga.

"Mna p-p-p-"

"Haloo? Mtandao mbaya, kaka! Unakatika!" akapaza sauti mwenye duka.

Zamani angekata simu. Akatua, akavuta pumzi. "Mtandao mzuri. Ni mimi ni-ninayekatika."

Mwenye duka akaangua kicheko, Hakimu naye akacheka, dada wa raba nyekundu akafunika uso kwa faili. "Samahani, kaka," mwenye duka akasema. "Katika taratibu, mimi nipo." Na neno pampu likatoka, refu kama treni, lakini likatoka lote.

Kazi ngumu ilikuwa kwa mke. Wiki za mwanzo aliuma khanga ili asidakie. Siku Hakimu alipomaliza sentensi yake ya kwanza bila msaada, ilikuwa ya kumlalamikia kwamba anakoroma. Mke akaitema khanga. "Kumbe ulikuwa na hayo yote tumboni?"

Alikuwa nayo, na mengine mengi. Kigugumizi hakikwisha, siku nyingine kilirudi na ukoo wake wote. Lakini Hakimu sasa alimwambia kila mteja mgeni, "Nina kigugumizi, vumilia," kisha akauliza swali lake, na baada ya swali akaendelea: mpira, bei ya sabuni, ndoa za majirani. Juzi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha dereva wa lori ili aeleze kwa nini kipa alikosea.

"Hakimu, nimechelewa, nyoa basi!" dereva akalalamika, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado.

"Su-subiri," akasema Hakimu. "Sijafika kwenye p-penalti."