Bonde Lisilo na Mwenyewe

Mwaka ule wapimaji walipoletwa Ndau kuchora nchi, Fadhil bin Amini ndiye aliyewaongoza vilimani. Aliwapitisha kwenye mawe makali na miba inayochana kikoi. Juu ya kila kilele Mzungu alichungulia katika darubini yake ya miguu mitatu, na Bwana Wazir, karani kutoka Amu, akaandika. Walipoondoka kileleni waliacha rundo la mawe yaliyopakwa chokaa, kama kaburi.

Fadhil aliiogopa darubini ile. Kwao mali haitajwi mbele ya jicho la mgeni. Mwenye mbuzi kumi husema ana kibuzi kimoja, tena kikonde. Kwa hiyo alipoulizwa bonde la nyuma lina nini, alijibu, "Mawe na nyoka, Bwana. Hapana mtu." Akatia dole gumba kwenye karatasi ya Wazir, kuthibitisha. Jioni akamwonya dada yake Mwanamkisi, mjane aliyelea wanawe kwa mtama wa bonde hilohilo: "Wakikuuliza, nena huna kitu." Akalala usingizi wa mwerevu. Mficha uchi hazai, lakini nani hukumbuka methali akiwa na siri nzuri?

Kesho yake aliiona ramani mezani pa kambi. Kila kilima kimezungushiwa mistari, kila jabali lina alama. Bonde la nyuma lilikuwa jeupe.

"Hiyo ni nti isiyo na mwenyewe," alisema Wazir. "Yatwaliwa na Serikali. Kuna mlowezi ataka kulima pamba."

Fadhil aliweka kidole juu ya weupe ule. "Ni shamba la dada yangu, Bwana. Nalidanganya."

"Yana hapana mtu, yeo pana shamba. Nishike lipi?" Wazir hakuwa mtu mbaya. Alifikiri, akasema, "Aitwe mwenyewe. Akinena kwa kinywa chake kuwa ni lake, nitaandika. Lakini wewe kaa papa hapa, usimfunde."

Askari akamleta Mwanamkisi, mikono ingali na unga. Aliitazama darubini, akajifunika ushungi hadi machoni.

"Bi Mwanamkisi, una shamba bonde la nyuma?"

Fadhil alifungua kinywa. Wazir akamnyamazisha kwa mkono. Jasho lilimtiririka Fadhil, na dada yake akaliona.

"Mimi ni maskini wa Mungu, Bwana," alisema Mwanamkisi. "Sina hata shina moja la mtama."

Kisha akamgeukia kaka yake, kuona kama amejibu sawasawa.