Baba Hatengwi

Neno lenyewe si langu. Waliotuletea kibao cha mlangoni ndio waliolichagua: CHUMBA CHA KUTENGWA. Wao walikwenda zao, sisi wauguzi wa dharura tukabaki na ugomvi.

Asubuhi hiyo benchi lilijaa pomoni. Katikati alikaa mzee mwenye kikohozi cha wiki nyingi, amekonda mpaka koti linamvaa yeye. Ubavuni pake alikuwa mama mmoja kijana na kichanga chenye homa. Kikohozi kile nilikitambua kwa kukisikia tu: dalili ya kifua kikuu. Nikamwinamia binti wa mzee, aliyekuwa amemleta, nikasema kwa adabu zangu zote, "Dada, tunamtenga mzee kidogo, mpaka tumpime makohozi."

Lo! Nilikuwa nimechokoza nyuki.

"Mumtenge? Kwani baba yangu kamla nani?"

"Hajamla mtu, dada. Ni kwa usalama wa wengine, na yeye ahudumiwe upesi."

"Wanaotengwa ni wachawi! Baba hatengwi, si hapa wala nyumbani."

Benchi zima likaguna, upande wake. Barakoa niliyompa mzee, binti aliikunja akaitia mkobani. Nilichoka. Unasoma miaka, unanawa mikono mpaka inachubuka, halafu neno moja linakushinda. Nilitamani kukibandua kile kibao kwa meno.

Kumbe hakuwa amemaliza. Alimgeukia yule mama kijana. "Mdogo wangu, hebu nipe huyo mjukuu. Babu ampakate, sista aone kama babu ana sumu."

"Usimpe!" nikasema.

Mama wa watu akaniangalia mimi, akamwangalia mzee. Kukataa kungekuwa kumtukana mzee mbele za watu. Akampa.

Mzee alimpokea mtoto akitabasamu. Mara nikaona kifua kinaanza kumpanda. Alikaza midomo, akabana pumzi, machozi yakamtoka, huku mikono yote miwili ikininyooshea mtoto. Nikamdaka, nikamrudishia mama yake. Mzee akajifunika uso kwa koti, akakohoa mpaka akainama. Alipopata pumzi aliinuka bila kumtazama bintiye, akashika ukuta, akaingia chumbani mwenyewe.

Binti alinifuata mpaka mlangoni, analia. "Umefurahi sasa?"

Sikufurahi hata kidogo. Nilimfungia baba yake mlango, yeye akiangalia.