Ngazi Nne za Bibi Ndoo

Bibi Ndoo alikuwa na urefu wa shibiri moja na nusu, nywele za pamba, na ubishi wa kutosha watu wazima sita. Kwa miezi miwili alikuwa hataki kutembea. Ukimwinua mguu, goti lilikataa kama mlango uliovimba kwa mvua. Ukimgeuza shingo, ungedhani unafungua chupa ya dawa. Mwongozaji ndiye aliyemtengeneza, kwa waya, sifongo na kitambaa, na kwa miaka mitatu alikuwa akimpiga picha moja moja: unamsogeza kidogo, unapiga, unamsogeza tena, unapiga, mpaka mwanasesere anaonekana anatembea mwenyewe. Ubishi huu mpya alijua umetoka wapi. Ulitoka kwa shemeji yake, mdogo wa mke wake, fundi wa viungo, ambaye siku hizi alikaza skrubu kama anafunga injini ya lori. Mwongozaji alikuwa amemsema mara nne mbele ya watu. Mara zote nne shemeji alitazama viatu vyake, akasema atarekebisha, na hakurekebisha.

Asubuhi hiyo hapakuwa na nafasi ya kumsema mara ya tano. Saa nne mtayarishaji, mwenye fedha za filamu, angefika. Wiki iliyopita alikuwa ametazama kazi ya miezi ile miwili, akasema picha zinatetemeka; hapa na pale bega la Bibi Ndoo lilikuwa linaruka bila sababu. Alikuwa na watu wa kompyuta waliokuwa tayari kuimalizia filamu bila mwanasesere, bila taa, bila sindano. Kabla ya kuwapa, angekaa kitini atazame kipande kimoja kikipigwa mwanzo hadi mwisho: Bibi Ndoo anapanda ngazi nne na ndoo yake ya maji. Kikitoka safi, filamu inabaki ya mikono. Kikitetemeka, inaondoka siku hiyo hiyo. Mwongozaji aliyakubali hayo kwenye simu, mkono wake wa kulia akiwa ameukalia.

Maana mkono ndio uliokuwa unatetemeka. Ulianza na kikombe cha chai, ukahamia kwenye vifungo vya shati. Hakumwambia mtu. Alijaza kikombe nusu, akaacha kunyoa ndevu na kudai ni mtindo, akaamini kabisa kwamba nyumba nzima imepofuka. Wanaume wa namna hii hawakosekani duniani. Lakini tusimcheke sana, kwa sababu alikuwa anaogopa. Alichokipenda katika kazi hii kuliko vyote ni kwamba ukitazama vizuri, mikunjo ya gauni la Bibi Ndoo haifanani picha mbili, kwa kuwa katikati kuna mtu aliyeligusa. Kompyuta ingelinyoosha gauni na kumfuta yule mtu, na yule mtu alikuwa yeye.

Basi akachukua bisibisi ndogo, akafumua mshono wa goti, akalegeza. Akalegeza kiuno, bega, kiwiko. Viungo vikawa laini kama zamani, naye moyo ukatulia.

Mwongozaji alimsikia mke wake akipanda ngazi kabla hajamwona, maana studio ilikuwa ghorofani naye mke nyonga ilimsumbua: mguu wa kulia, wa kushoto ukaufuata, kiganja ukutani, pumzi. Ndiye aliyeshona nguo za wanasesere wote. Alipoona mshono umefumuliwa alisimama na kikapu chake mkononi.

"Mzee, usilegeze," alisema. "Leo usilegeze."

Mwongozaji alimjibu kwamba huyo mdogo wake amemharibia miezi miwili, na leo hatamharibia. Hasira hasara, lakini nani humkumbusha mwenye hasira? Mke aliketi, akaushona ule mshono upya.

Mtayarishaji alifika na blauzi ya njano. Shemeji alimpa koti jeusi alivae juu, kwa sababu blauzi ile ingepaka mwanga wake ukutani na ukuta ungebadilika rangi kila akijigeuza. Mapazia yakafungwa, taa zikawashwa. Juu ya mlango palikuwa na sheria ya mwongozaji mwenyewe, aliyoiandika kwa chaki: Mwanasesere mmoja, mkono mmoja. Aliamini kwamba wakimgusa watu wawili anapata akili mbili, na mtazamaji huona hata asipojua anaona nini.

Ngazi ya kwanza ilipandwa. Picha arobaini na nane, karibu saa nzima, na mwongozaji alikuwa amebana pumzi hadi mbavu zinamuuma. Kila alipomaliza kusogeza alirudisha mkono mfukoni haraka. Mtayarishaji alitazama skrini, kisha mfuko, kisha skrini.

Kwenye picha ya hamsini na tatu vidole viliruka. Si sana, mtikisiko wa nzi tu. Viungo vigumu vya jana vingeustahimili. Viungo laini vya leo viliupokea wote: bega likazunguka, goti likakunjika, Bibi Ndoo akaanguka kifudifudi na ndoo yake ikabingirika hadi miguuni pa mtayarishaji.

Mwongozaji alisikia taa zikivuma. Alipogeuka alimwona shemeji yake ameshika bisibisi, tayari, kana kwamba alikuwa akilisubiri jambo hili tangu asubuhi. Ndipo akaelewa.

"Mmejua tangu lini?" aliuliza polepole.

"Tangu uliposema ndevu ni mtindo," mke alijibu. "Mimi ndiye niliyemwambia akaze. Nilitaka mwanasesere akuvumilie."

Mtayarishaji aliuliza kimekazwa nini, na kwa nini. Shemeji alitazama viatu vyake. Akasema kosa ni lake, viungo vilimshinda, apewe siku moja arekebishe. Alikuwa anaubeba mzigo mara ya tano, na safari hii mbele ya mtu ambaye angeweza kumfukuza kazi. Mwongozaji aliiona njia imefunguliwa mbele yake, pana na rahisi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Aliutoa mkono mfukoni, akaunyoosha chini ya taa ili wote wauone.

"Si kosa lake," alisema. "Ni huu."

Mtayarishaji aliutazama mkono ule. Akasema anasikitika, na kwamba sasa hakuna la kujadili. Akaanza kuvua koti. Mwongozaji alimwambia kwamba sharti lilikuwa kipande, halikuwa mkono. Saa ilikuwa sita kasoro. Akaomba mpaka saa kumi na moja. Mtayarishaji alisita, akalivaa tena lile koti.

Shemeji akakaza skrubu moja moja, safari hii kwa kipimo cha mkono wa dada yake. Mwongozaji akamwachia mke wake nafasi mbele ya ngazi.

"Na sheria yako?" mke aliuliza.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," shemeji alisema kutoka nyuma ya taa, na hilo ndilo neno pekee la ziada alilosema siku hiyo.

Walianza upya. Mwongozaji alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Alikuwa ameandaa maelekezo mengi, lakini mke wake hakuuliza, naye mwongozaji akaogopa kumvuruga. Picha ya mia. Picha ya mia na hamsini. Mara mbili alifumba macho. Alihofia jambo moja: kwamba ataviona vidole vya mtu mwingine ndani ya Bibi Ndoo, na kwamba mtayarishaji naye ataviona.

Saa kumi na robo picha ya mia tisini na mbili ilipigwa. Shemeji akakicheza kipande chote. Bibi Ndoo alipanda: mguu wa kulia, wa kushoto ukaufuata, kiganja ukutani, pumzi. Ngazi nne, bila mtikisiko.

Mtayarishaji akaomba aone kipande cha ngazi cha mwaka wa kwanza, vichezwe viwili pamoja, akatazama mara tatu. Akauliza cha leo ni kipi. Alipoonyeshwa, alifunga daftari lake, akasema basi, watu wa kompyuta atawapigia yeye, awaambie filamu inabaki ya mikono.

Macho ya mwongozaji yalikuwa bado kwenye skrini.

"Mwendo wake umeujuaje?" alimuuliza mke wake. "Sikukufundisha. Ule niliubuni mwenyewe."

Mke alikuwa anakusanya sindano zake.

"Uliubuni," alisema. "Miaka thelathini napanda ngazi mbele yako, unadhani uliutoa wapi?"

Mwongozaji alimtazama akishuka kwenda kutafuta maji ya kunywa, mkono wake ukutani, na aliona haya na furaha kwa pamoja hata machozi yakamtoka. Kisha akamgeukia shemeji yake, ambaye tayari alikuwa anatazama viatu vyake, akamwomba radhi mara nne.