Pipa la Ngazi ya Padri

Homa iliyomlaza Burga baada ya Krismasi haikuondoka mikono mitupu. Iliondoka na harufu zote. Mdogo wake Leni ndiye aliyegundua, siku alipounguza sufuria nzima ya vitunguu hadi jiko likajaa moshi wa kukaba koo. Burga akaingia, akavuta kiti, akaketi.

"Leo tunakula nini?" akauliza.

Leni alidhani anataniwa. Akamwangalia dada yake, akaona hatanii. Akachukua chupa ya siki, akaifungua chini ya pua ya Burga. Burga akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Akavuta tena. Kisha akaanza kulia kimyakimya, mwanamke ambaye hata kwenye mazishi ya baba yao hakutoa chozi mbele za watu.

Maana Burga Thelen bila pua ni sawa na mpiga zeze bila vidole. Marehemu baba yao alimwachia yeye mashamba ya zabibu yaliyoning'inia juu ya mto Mosel, kwenye mawe meusi bapa ambako hata mbuzi angefikiria mara mbili kabla ya kupanda. Alimwachia na ghala la chini lenye mapipa. Leni aliachiwa jiko. Kuanzia majira ya kuchipua, familia ilifungua ua wake kwa wageni, wakaja kunywa mvinyo wa Burga. Ndivyo walivyosema: mvinyo wa Burga. Chakula kilikuwa chakula tu, hakikuwa na mwenyewe.

"Asijue mtu," Burga alisema siku ile, akijifuta macho. "Nchi yetu ni ya baridi, Leni. Zabibu zetu haziivi kwa pupa, mvinyo wetu ni mwembamba na mkali, uhai wake wote uko kwenye harufu. Wakijua sinusi, nani atanunua? Wewe ndiye utakuwa pua yangu."

Leni akakubali. Na kwa muda alifurahia. Waliteremka ghalani pamoja, yeye akinusa, dada yake akiweka tone ulimini kupima ukali na utamu, vitu ambavyo homa haikuvigusa. Leni akieleza, Burga akiamua. Kwa mara ya kwanza maishani, Burga alimsikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Mwezi wa Machi akaja Bi Dorothea Kolb, mwenye mgahawa mkubwa kule Koblenz, kama alivyokuja kila mwaka kuchagua mvinyo wa wateja wake. Leni alipika kuanzia alfajiri. Ni yeye pia aliyechagua chupa, kwa kuwa Burga hakuweza tena. Kwanza samaki trauti wa kukaanga kwa siagi, na mvinyo mkavu unaokata mafuta kama ndimu. Kisha keki ya viazi vya kukwaruza, iliyookwa na vipande vya nyama ya moshi hadi ukoko ukawa rangi ya asali, pamoja na rojo ya tufaha. Hapo akamimina mvinyo wenye utamu kidogo, kwa sababu chumvi ya nyama ile ingeufanya mkavu uonekane mchungu. Mwisho jibini lenye mishipa ya buluu, linalonuka kama zizi, na glasi ndogo ya mvinyo mtamu wa zabibu zilizochelewa kuchumwa.

Bi Dorothea alikula hadi akalegeza mkanda. "Mimi kila mwaka nakuja hapa nakunywa," alisema. "Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kila glasi imekaa na sahani yake kama mume na mke. Nani kapanga?"

Leni alikuwa mlangoni, mikono imelowa. Akasubiri.

"Aa, huyu mdogo wangu anachemsha viazi tu," Burga akacheka. "Mvinyo mzuri hauchagui, Bi Dorothea. Hata na mkate mkavu unakwenda."

Wakacheka wote wawili. Leni naye akacheka, kwa sababu uso wake ulikuwa hauna pa kwenda. Bi Dorothea akasema angerudi baada ya Pasaka kuonja mvinyo mpya wa Ngazi ya Padri, lile shamba la juu kabisa. Ukiwa mzuri, angechukua pipa zima.

Alipoondoka tu, Burga akataka waende kulitazama pipa hilo. Lilikuwa pipa kongwe kuliko yote, babu yao ndiye aliyeliagiza. Leni akachota, akaizungusha glasi, akanusa.

Alikuwa hajawahi kunusa kitu kama kile. Pichi mbichi. Ganda la ndimu. Jiwe lililonyeshewa mvua baada ya jua kali. Alisahau kwamba yuko ghalani. Alipofumbua macho, dada yake alikuwa amesimama mbele yake amekunja mikono kifuani, kama mgonjwa anayesubiri neno la daktari.

"Sema basi."

"Una ukungu," Leni akasema.

Hakujua neno limetoka wapi. Lilitoka kama kikohozi. Nia yake, kama ilikuwepo nia, ilikuwa Burga ahangaike kidogo, usiku mmoja tu, aonje na yeye kuwa si kitu. Asubuhi angesema amekosea.

"Ukungu wa pipa?" Burga akaipokea glasi, akanusa bure, akaonja. "Ulimini ni mkali vizuri. Mkali kama ninavyoupenda. Una hakika?"

"Nina hakika."

Burga akaiweka glasi juu ya pipa polepole. Wote wawili walijua maana yake. Harufu ya ukungu ikishaingia kwenye mbao, mvinyo hauponi, na pipa haliponi.

"Labda tumwite Gisbert, fundi wa mapipa, naye anuse," Leni akajaribu.

"Gisbert? Ataniuliza mbona sinusi mwenyewe. Mpaka jioni kijiji kizima kitakuwa kinajua." Burga akauzima mshumaa. "La kuvunda halina ubani, Leni. Twende juu."

Asubuhi ilipofika Leni hakusema. Alisubiri Burga aanze mazungumzo, Burga hakuanza. Kesho yake alitaka kusema wakinywa kahawa, lakini Burga alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue, na Leni akaona haya kumharibia. Kila siku iliyopita iliufanya uongo ule uwe mzito zaidi kuunyanyua. Alianza kulala vibaya. Alianza kupika kama mtu anayelipa fidia. Akagundua kwamba mzizi mkali wa kukwaruza, ule unaochoma mpaka machozi, Burga aliusikia. Basi akautia kwenye kila kitu. Akamtengenezea vyakula vya kukwaruza ulimi na vya kuteleza, vya chumvi na siki, ili mdomo wake upate la kufanya.

"Unanihangaikia sana," Burga alimwambia siku moja, machozi ya mzizi yakimtoka. "Unajua, siku zile nilizolala nikiwaza nimekwisha, kilichoniokoa ni kwamba ninaye mtu mmoja ninayeweza kumwamini kama mwili wangu mwenyewe."

Leni alisimama, akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaosha sahani iliyokuwa safi.

Aliapa kusema Alhamisi, akirudi sokoni. Alikwenda kununua mboga za asparaga za kwanza, nyeupe, zenye udongo bado. Alipokuwa anapanda kichochoro cha nyumbani alikutana na lori la tangi likishuka, akajibana ukutani kulipisha. Lilikuwa lori la kiwanda cha pombe kali, lile linalokuja kuchukua mvinyo ulioharibika ukachemshwe. Dereva akampungia mkono. Leni akabaki amejibanza ukutani hata baada ya lori kupotea, asparaga amezikumbatia kifuani, na masikioni mwake akasikia nyundo.

Uani, Gisbert fundi mapipa alikuwa amelilaza pipa la babu ubavuni. Pete mbili za chuma zilikuwa tayari chini. Mbao zilikuwa zimeanza kuachana, na ubao mmoja ulikuwa umepasuka katikati. Burga alikuwa amesimama pembeni, mikono mifukoni.

"Umerudi," akamwambia Leni. "Nimeona tumalize leo. Sitaki kuliona tena."

Gisbert aliinua kichwa. Alikuwa jirani yao tangu utotoni, mtu wa maneno mengi, lakini leo alikuwa amekunja uso. "Burga, mimi nakwambia tena. Nimeingiza kichwa changu chote ndani ya pipa hili. Hamna ukungu. Linanukia pichi, kama bustani."

"Leni amenusa."

"Leni? Kwani wewe, Burga, pua yako umeikopesha kanisani?"

Alikuwa anatania. Lakini Burga hakujibu, na kimya chake kikawa kirefu mno, na Gisbert, ambaye hakuwa mjinga, akamtazama yeye, akamtazama Leni, na uso wake ukaanza kubadilika. Burga akageuza macho kwa mdogo wake. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa yanaomba msaada: mwambie uliunusa.

Ingelikuwa rahisi. Neno moja tu, na Gisbert angenyamaza, na siri zote mbili zingebaki nyumbani.

"Sikunusa ukungu," Leni akasema. "Nilidanganya."

Gisbert akaiweka nyundo chini taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ulidanganya vipi?" Burga akauliza.

"Ulikuwa mvinyo bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Nikakwambia una ukungu. Nilitaka kukwambia asubuhi yake. Kila siku nilitaka kukwambia, dada."

"Kwa nini?"

Leni alifungua mdomo. Sababu aliyokuwa akiilea moyoni tangu Machi, iliyokuwa kubwa kama nyumba, ghafla ikawa ndogo, akaona aibu hata kuitoa. "Mbele ya Bi Dorothea. Ulisema mimi nachemsha viazi tu."

Burga akakunja kipaji cha uso, akijaribu kukumbuka. Alijaribu kweli, Leni alimwona. "Lini?" akauliza.

Hakukumbuka. Maneno ambayo Leni alilala nayo na kuamka nayo, mwenzake aliyatupa kama ganda la yai. Hapo ndipo Leni alipotamani angepigwa, angetukanwa, lolote. Burga aliinama, akaokota ubao uliopasuka, akaingia nao ndani.

"Wewe mwanamke," Gisbert alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi siwezi kukutetea." Kisha akaanza kukusanya pete zake.

Burga hakusema na Leni kwa siku nyingi. Alikula chumbani, mkate na jibini alilojikatia mwenyewe. Leni aliendelea kuweka sahani ya pili mezani na kuiondoa ilivyo. Kijijini habari ya pua ilienea, kama Burga alivyoogopa. Wengine walimhurumia, wengine walicheka kwenye duka la mikate. Kila aliyecheka, Leni alihisi ni yeye aliyemtuma.

Baada ya Pasaka Bi Dorothea akarudi. Leni alisikia kila kitu kupitia mlango wa jiko.

"Mvinyo wa Ngazi ya Padri haupo," Burga alisema. "Na jambo jingine ulijue kwangu, usilisikie njiani. Tangu majira ya baridi sinusi kitu. Ile meza uliyoisifu Machi, chupa na sahani, aliipanga mdogo wangu. Mimi nilijisifu kwa kazi yake."

"Na pipa limepatwa na nini?"

Leni akaiweka sufuria chini, akausogelea mlango.

"Kosa lilitokea nyumbani kwetu," Burga akajibu. "Ni la kwetu, tutakaa nalo sisi."

Leni hakuvumilia. Alitoka na aproni yake. "Nilisababisha mimi, Bi Dorothea. Nilimdanganya dada. Mvinyo ulikuwa mzima."

Bi Dorothea aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akavaa glavu zake. Alichukua chupa chache za mwaka wa nyuma, akaaga kwa adabu. Hakusema atarudi. Gari lilipoondoka Burga akamgeukia Leni.

"Nani alikuomba useme? Nilikuwa nimekufunika."

"Ndiyo maana nilisema."

Burga akaenda zake shambani.

Ilikuwa karibu na sikukuu ya Pentekoste, ua umekwishafunguliwa na wageni wa kwanza wanasubiri pai ya vitunguu, ndipo Burga alipoingia jikoni na glasi mkononi. Nyuma yake alikuja Gisbert, ameshika kofia, hajui aangalie wapi.

"Pipa la upande wa mto," Burga alisema. Aliiweka glasi mezani, hakumpa mkononi. "Gisbert keshanusa. Ameninong'oneza. Sasa nataka kusikia lako."

Leni alijipangusa unga. Akaichukua glasi, akaizungusha. Akanusa mara moja, akasubiri, akanusa tena.

"Tufaha la kijani," alisema. "Majani makavu kidogo. Na chini yake kuna harufu ya yai, si kubwa. Ukihamishwa pipa ukapata hewa, itatoka. Ni mvinyo wa kawaida, dada. Ukae na pai ya vitunguu, utafaa. Usiuuze kwa sifa."

Burga akamgeukia Gisbert. Gisbert akatikisa kichwa kukubali.

"Yai nililisahau," akasema, "lakini lipo."

"Haya," Burga akasema. Akaichukua glasi yake. Mlangoni akasimama, bila kugeuka. "Kesho lile la katikati. Gisbert atatangulia tena."

"Sawa, dada."

"Na keshokutwa pia. Na mwakani pia, akipenda Mungu."

Leni akasema sawa mara ya pili, lakini Burga alikuwa ameshatoka. Nje wageni waligonga meza wakidai chakula. Akafungua tanuri, joto likampiga usoni, akabaki ameinama pale kwa muda kabla ya kuitoa pai.